Nyangumi Wasiotafutwa: Miaka 130 ya Idara ya Jiolojia ya Misri

Machi 1896 serikali ya Misri ilimkabidhi kapteni mmoja wa jeshi, mwenye umri wa miaka 31, kazi isiyokuwa na ofisi wala maktaba, na ambayo watumishi wake wangehesabika kwa vidole: kuipima jiolojia ya nchi nzima. Jina lake lilikuwa Henry George Lyons, wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza. Alikwisha kulizungukia Jangwa la Magharibi katika shughuli za kijeshi, na mwaka 1894 alikuwa amechapisha London makala kuhusu matabaka ya miamba ya huko. Katika Kairo ya siku zile hiyo ilitosha kumfanya mtu kuwa mtaalamu.

Misri ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni moja, na zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 ni jangwa. Waingereza walikuwa wameishika nchi tangu 1882, na hazina yake ilikuwa imebanwa na madeni ya mabenki ya Ulaya. Kwa hiyo tusidhani kwamba idara hii ilizaliwa kwa mapenzi ya elimu. Watawala walitaka kujua maji ya oasisi yanatoka wapi, mawe ya kujengea yapatikane wapi, na kama dhahabu ya Mafirauni ilikwisha au ilibaki. Swali lao lilikuwa la mwenye duka anayefungua ghala alilorithi: humu ndani mna nini, na kitauzika kwa bei gani?

Mwaka 2026 taasisi hiyo inatimiza miaka 130. Imepita mikononi mwa wizara kadhaa, imebadilishwa jina zaidi ya mara moja, na swali la mwenye duka halijaacha kuulizwa. Majibu yake yapo, na mengine ni mazuri. Ila mambo ambayo idara hii imeuachia ulimwengu, yale yatakayosomwa hata migodi ikifungwa, karibu yote hayakuulizwa na mtu.

Kutafuta madini kwenyewe huko Misri hakukuanza na Lyons. Katika Makumbusho ya Misri yaliyopo Turin, Italia, kuna vipande vya mafunjo ambavyo vikiunganishwa hufanya ramani yenye urefu wa karibu mita 3. Ilichorwa yapata mwaka 1150 kabla ya Kristo na mwandishi aitwaye Amennakhte, wa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Inaonyesha Wadi Hammamat, bonde kavu lililo kati ya mto Nile na Bahari ya Shamu. Vilima vya mawe meusi vimepakwa rangi nyeusi, vyenye mawe ya waridi vimepakwa waridi, changarawe za bondeni zimetiwa nukta za rangi mbalimbali, na machimbo ya mawe na ya dhahabu yameandikwa mahali pake. Enzi hizo Firauni Ramesses IV alipeleka huko msafara wa watu zaidi ya 8,000 kwenda kukata mawe. Wataalamu wengi huiita ramani kongwe ya kijiolojia kuliko zote zinazojulikana, nami sioni pa kubishia: inamwambia msomaji jiwe gani liko wapi na njia gani humfikisha.

Wazungu nao walitangulia kidogo. Desemba 1873 Gerhard Rohlfs, Mjerumani, aliondoka Asyut na msafara wa ngamia kwa gharama za Khedivu Ismail, mtawala wa Misri, akiwa na mwanajiolojia Karl Zittel. Walitaka kufika Kufra. Machuguu ya mchanga yaliyopangana kutoka kaskazini hadi kusini yaliwazuia, wakalazimika kugeukia Siwa, lakini Zittel alirudi na picha ya kwanza ya kuaminika ya matabaka ya jangwa lile. Miaka michache baadaye, mwaka 1879, Georg Schweinfurth aliokota mifupa ya nyangumi wa kale karibu na ziwa la Fayum. Mifupa hiyo ilikwenda Berlin. Tuukumbuke mfano huo, maana utajirudia.

Lyons alikusanya kundi dogo la vijana: Thomas Barron, Hugh Beadnell, John Ball, William Fraser Hume, na kwa muda Mjerumani Max Blanckenhorn. Tatizo la kwanza halikuwa miamba. Jangwa halikuwa na ramani, na mwanajiolojia asiye na ramani ya ardhi hana pa kuandika anachokiona. Ikabidi mtu yule yule apime vilima kwa theodolaiti asubuhi na kugonga mawe kwa nyundo mchana. Ndiyo maana vitabu vyao vya mwanzo vina vichwa vya aina moja, vikitaja sura ya nchi kwanza na jiolojia baadaye. Ripoti ya Barron na Hume kuhusu sehemu ya kati ya Jangwa la Mashariki ilitoka mwaka 1902. Za oasisi za Kharga, Farafra, Dakhla na Bahariya zilitoka mfululizo, kazi ya Ball na Beadnell, kati ya mwaka 1900 na 1903.

Walisafiri kwa ngamia. Maji waliyabeba, na urefu wa kazi ya siku ulipangwa na umbali wa kisima kijacho. Katika Jangwa la Mashariki waliokijua kisima hicho walikuwa Waababda, watu wa jangwa wanaoishi baina ya Nile na bahari, ambao mababu zao waliongoza misafara katika mabonde hayo kwa karne nyingi. Jalada la ripoti ya 1902 lina majina mawili, yote ya Waingereza. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa uandishi wa wakati ule, si Misri peke yake, lakini historia ya idara isiyowataja wenye ngamia ni historia nusu. Hata majina ya milima na mabonde yaliyojaa kwenye ramani hizo, yale ambayo wanasayansi wa leo huyatumia kutajia miamba, yalitoka vinywani mwao.

Mwaka 1898 idara ilichukuliwa na jambo kubwa kuliko yenyewe. Serikali iliamua kupima mashamba yote ya nchi ili kodi ya ardhi itozwe kwa haki zaidi, au tuseme kwa uhakika zaidi, na Lyons akapewa pia kazi hiyo. Jiolojia ikawa tawi dogo ndani ya idara kubwa ya upimaji. Kodi ndiyo iliyolisha utafiti. Lyons mwenyewe alitumia nafasi hiyo kuandika kitabu kikubwa juu ya Nile na bonde lake, kilichotoka mwaka 1906, na ndani yake akalifuata suala la maji hadi kwenye maziwa makuu ya Afrika Mashariki, kwa sababu mafuriko ya Misri hayaelezeki na mtu anayekomea Aswan.

Sasa tufike Fayum, maana hapo ndipo duka lilipotoa kitu ambacho mwenye duka hakukijua.

Fayum ni bonde lililo kusini-magharibi mwa Kairo, lenye ziwa la chumvi chumvi liitwalo Birket Qarun. Beadnell alianza kulipima mwaka 1898. Kaskazini mwa ziwa ardhi inapanda kwa ngazi za mawe, tabaka juu ya tabaka, na kwenye ngazi hizo mifupa ilikuwa imetapakaa juu ya ardhi, imegeuka jiwe. Mwaka 1901 Charles Andrews wa makumbusho ya taifa ya Uingereza alifuatana naye jangwani, na kwa misimu michache iliyofuata wawili hao wakafukua wanyama ambao sayansi haikuwahi kuwaona. Kulikuwa na Moeritherium, mnyama wa majini mwenye kimo cha nguruwe, aliyepewa jina la ziwa la kale la Moeris. Kulikuwa na Palaeomastodon, mwenye pembe fupi na uso uliokwisha kuanza kurefuka. Hao ni jamaa wa mwanzo wa tembo. Kabla ya hapo wataalamu walijua tembo wa kale wa Ulaya na Asia, wasijue ukoo huo ulitoka wapi. Jibu lilikuwa Afrika, na lilikuwa juu ya mchanga, likingojea mtu mwenye ramani.

Msomaji wa pwani yetu atapendezwa zaidi na wanyama wengine waliopatikana hapo hapo. Kulikuwa na pimbi, lakini si pimbi kama huyu tunayemwona akiota jua kwenye majabali ya Serengeti au Hell's Gate; baadhi yao walikuwa na ukubwa wa ng'ombe. Kulikuwa na nguva wa kale. Tembo, pimbi na nguva, wanyama watatu ambao mvuvi wa Lamu na mfugaji wa Kimaasai wasingefikiri kuwaweka nyumba moja, ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kiafrika, na Fayum ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo wazee wao wanakutwa pamoja. Beadnell mwenyewe alimpa jina mnyama wa ajabu kuliko wote, mkubwa kama kifaru, mwenye pembe mbili pana za mfupa usoni: Arsinoitherium zitteli, akiwaheshimu Malkia Arsinoe, ambaye Fayum iliitwa kwa jina lake zamani, na mzee Zittel wa msafara wa ngamia. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1902.

Magharibi zaidi, katika bonde ambalo sasa linaitwa Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, Beadnell alikuta mifupa ya nyangumi wakubwa. Walilala kwenye mchanga uliokuwa sakafu ya bahari karibu miaka milioni 40 iliyopita. Mmoja aliitwa isis, kwa jina la mungu wa kike wa Kimisri, na leo sayansi humjua kama Basilosaurus isis. Kisha bonde likaachwa kwa miongo mingi, kwa kuwa lilikuwa mbali na halikuwa na maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la Philip Gingerich wa Chuo Kikuu cha Michigan lilirudi huko na kukuta kilichokosekana: miguu ya nyuma ya nyangumi huyo, midogo mno kwa mwili wenye urefu wa zaidi ya mita 15, lakini yenye goti na vidole. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Nyangumi alikuwa mnyama wa nchi kavu aliyerudi majini, na hapa ushahidi ulionekana kwa macho. UNESCO iliingiza bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Katika maswali ya watawala wa 1896 halikuwamo neno nyangumi.

Tukubali pia kwamba idara haikuona kila kitu. Ball na Beadnell waliipima oasisi ya Bahariya wakatoa ripoti yao mwaka 1903. Miaka 8 baadaye Ernst Stromer, mtaalamu wa Munich, alifika hapo na kuokota mfupa wa dinosaria, na mwaka 1915 akatangaza Spinosaurus, mla nyama mwenye tanga la mifupa mgongoni. Mabaki yote yalipelekwa Munich. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 1944 ndege za Uingereza ziliupiga mji kwa mabomu, makumbusho yakaungua, na Spinosaurus wa Misri akateketea Ujerumani katika vita isiyomhusu.

Angalau idara ilikuwa na nyumba yake ya kuhifadhia. Makumbusho ya Jiolojia yalifunguliwa mwaka 1904 katikati ya Kairo, kwenye viwanja vya wizara ya ujenzi wa umma. Sehemu kubwa ya vielelezo vya Fayum ilikwenda London, lakini si yote.

Beadnell aliondoka serikalini akaenda kufanya kazi ya visima Kharga, na mwaka 1909 akaandika kitabu juu ya oasisi hiyo. Nakitaja kwa sababu ndani ya kazi zake za miaka ile mna vipimo vya machuguu ya mchanga yenye umbo la mwezi mwandamo, aliyoyaona yakisogea kusini wastani wa mita kama 15 kwa mwaka, yakifunika mashamba na njia. Mkulima wa Kharga alilijua hilo tangu zamani. Beadnell alilipa tarakimu. Lyons naye aliondoka Misri mwaka 1909, na Hume akashika uongozi wa idara hadi 1927. Hume alikuwa mtu wa kitabu kimoja kisichokwisha: historia ya jiolojia ya Misri, ambayo juzuu la kwanza lilitoka 1925 na mengine yakaendelea kutoka hadi miaka ya 1930, alipokwisha kustaafu.

Vita vya kwanza vya dunia vilileta gari. Jeshi la Uingereza lilianza kupiga doria katika Jangwa la Magharibi kwa magari ya Ford, na John Ball akapanda. Mahali palipohitaji wiki kwa ngamia pakawa pa siku chache. Baada ya vita Ball aliongoza upimaji wa jangwa, na vijana wake walipofika Qattara, kaskazini-magharibi, vipimo vyao vya kimo vilianza kutoa tarakimu zilizo chini ya sifuri. Bonde la Qattara lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 19,500 na chini yake kabisa ni mita 133 chini ya usawa wa bahari. Ball akafanya hesabu: maji ya Mediterania yakiletwa kwa mtaro na mahandaki yataporomoka humo, yatazungusha mitambo ya umeme, na jua litayakausha yasijae. Alilichapisha wazo hilo kikamilifu mwaka 1933. Halijatekelezwa mpaka leo. Mhandisi Friedrich Bassler wa Ujerumani alilifufua miaka ya 1960 na 1970, na katika mpango wake mtaro ungechimbwa kwa kulipua mabomu 213 ya nyuklia. Huenda ni bahati njema kwamba hazina ya Misri haikuwa na fedha. Kazi ya bonde hilo kubwa ilikuja kwa njia nyingine: mwaka 1942 mashapo yake laini na magenge yake yalimzuia jenerali Rommel wa Ujerumani asiweze kuzunguka ubavu wa majeshi ya Uingereza huko El Alamein, na majenerali wa pande zote mbili walitegemea ramani zilizochorwa na wapimaji.

Kutoka idara hiyo hiyo ya upimaji wa jangwa alitoka Patrick Clayton. Desemba 1932, akivuka Bahari Kuu ya Mchanga karibu na mpaka wa Libya, alikuta vipande vya kioo cha asili, njano iliyochanganyika na kijani, vimezagaa kati ya machuguu. Kioo hicho kina umri wa karibu miaka milioni 29, na wengi wanaamini kilitokana na joto la kitu kilichoanguka kutoka angani. Mwaka 1922 Howard Carter alikuwa amelifungua kaburi la Tutankhamun, na kati ya mapambo yaliyopatikana humo palikuwa na kidani chenye mdudu wa jiwe la njano. Miaka ya 1990 vipimo vilionyesha kwamba mdudu huyo amechongwa kwa kioo kile kile. Mtu fulani alikwisha kufika pale miaka zaidi ya 3,000 kabla ya Clayton, bila gari.

Wamisri wenyewe waliingia idarani polepole. Hassan Sadek alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Utafiti wake wa eneo la kati ya Gebel Ataqa na Galala ulichapishwa mwaka 1926, akaendelea na muundo wa Sinai. Chuo Kikuu cha Misri kilifungua kitivo cha sayansi mwaka 1925, na kutoka hapo mwaka 1941 akahitimu kijana wa mtaa wa Shubra, Rushdi Said.

Huyu ndiye mtu ambaye historia ya idara hugawanyika kabla na baada yake. Alizaliwa 1920, akasoma Harvard na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1950, akarudi kufundisha Kairo, na mwaka 1962 akachapisha kitabu juu ya jiolojia ya Misri ambacho wanafunzi wa vizazi viwili walikibeba mgongoni. Alikaa pia bungeni. Mwaka 1968 serikali ya Nasser ilimkabidhi uongozi wa idara na wa uchimbaji madini kwa pamoja. Saa ilikuwa mbaya. Vita vya Juni 1967 vilikuwa vimeiondolea Misri Sinai yote, pamoja na visima vyake vya mafuta na machimbo ya manganizi ya Um Bogma. Kilichobaki kutafutwa kilikuwa katika Jangwa la Mashariki na la Magharibi. Said alifufua kambi za jangwani, akafanya kazi na wataalamu wa Kisovieti, akaunganisha utafiti na uchimbaji chini ya mamlaka moja. Mwaka 1971, idara ilipotimiza miaka 75, aliiandikia historia na kuanzisha jarida lake la kila mwaka. Chuma cha Bahariya kilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1973.

Lakini moyo wake ulikuwa Nile. Wakati wa ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan mwanajiolojia wa Kisovieti I. S. Chumakov alikagua udongo uliotolewa na mashine za kuchimbia, akakuta kwamba chini ya mto wa leo kuna korongo lililokatwa katika itale, linalozama mbali chini ya usawa wa bahari, na ndani yake mna mashapo ya baharini. Bahari iliwahi kuingia hadi Aswan. Maelezo yalipatikana pale ilipogunduliwa kwamba karibu miaka milioni 6 iliyopita Mediterania ilifungwa kutoka Atlantiki ikakauka, na mto wa Misri, uliopoteza bahari ya kumwagikia, ukachimba chini na chini kuifuata. Bahari iliporudi, ikaujaza mfereji huo. Said aliipa mito hiyo iliyofuatana majina yake, mmoja baada ya mwingine, akaonyesha kwamba Nile tunayoijua, inayopokea maji ya Ziwa Victoria na ya nyanda za Ethiopia kwa pamoja, ni mgeni wa juzi kwa hesabu ya miamba. Kitabu chake juu ya mto huo kilitoka mwaka 1993.

Kilitoka akiwa uhamishoni. Aliacha uongozi wa idara mwaka 1977, na Septemba 1981 Rais Sadat alipowakamata wapinzani zaidi ya 1,500, jina la Said lilikuwa kwenye orodha. Yeye alikuwa nje ya nchi. Akabaki Marekani, akafariki huko Washington Februari 2013.

Mwezi mmoja baada ya Sadat kuuawa, Novemba 1981, chombo cha anga Columbia kilipita juu ya mpaka wa Misri na Sudan kikiwa na rada ambayo mawimbi yake yalipenya mchanga mkavu. Chini ya tambarare tupu ya Selima yalitokea mabonde ya mito iliyofukiwa, mingine mipana kama Nile. Wanasayansi wa Marekani walikwenda kuchimba kuhakikisha, na kati ya majina yaliyotia saini makala ya 1982 limo la Bahay Issawi wa Idara ya Jiolojia ya Misri. Ni jambo dogo kwenye karatasi. Ukilinganisha na jalada la 1902, si dogo.

Miaka hiyo hiyo ilikuwa na mchanganyiko wa neema na hasara. Ramani mpya ya nchi nzima kwa kipimo cha 1:2,000,000 ilitoka mwaka 1981, na nyingine yenye karatasi 20, kwa kipimo cha 1:500,000, ikatoka 1987 kwa ushirikiano wa shirika la mafuta la taifa, kampuni ya Conoco na wataalamu wa Berlin. Hadi leo mwanafunzi anayekwenda jangwani huanzia hapo. Mwaka 1982 jengo la makumbusho la tangu 1904 lilivunjwa kupisha reli ya chini ya ardhi ya Kairo. Vielelezo vilihamishiwa Athar el-Nabi, kando ya mto, kwenye jengo lililoitwa la muda. Neno hilo muda, katika ofisi za serikali, mara nyingi huishi kuliko mawe.

Novemba 1996 idara iliadhimisha karne moja kwa mkutano wa kimataifa Kairo. Mwaka 2004 ikageuzwa kuwa Mamlaka ya Rasilimali za Madini na kuwekwa chini ya wizara ya petroli, na sote tunajua wizara ya petroli hupenda kusikia nini. Swali la mwenye duka lilipata jibu lake kubwa Sukari, katika Jangwa la Mashariki, kwenye kilima ambacho Wamisri wa kale walikichimba: kampuni ya Centamin ilimimina dhahabu ya kwanza hapo mwaka 2009, na tangu hapo mgodi umetoa zaidi ya aunsi milioni 5. Mwaka 2024 AngloGold Ashanti iliinunua Centamin. Amennakhte angeuelewa mgodi huo mara moja. Chini ya Jangwa la Magharibi, wakati huohuo, serikali inaendelea kupampu maji ya Jiwe la Mchanga la Nubia, hifadhi inayoshirikiwa na Libya, Sudan na Chad. Sehemu kubwa ya maji hayo yaliingia ardhini zama ambazo mvua ilikuwa ikinyesha huko, na hayarudishwi.

Na mifupa? Mwaka 2010 Hesham Sallam alianzisha kituo cha visukuku katika Chuo Kikuu cha Mansoura, katika Delta. Januari 2018 yeye na wanafunzi wake walitangaza Mansourasaurus, dinosaria wa shingo ndefu kutoka oasisi ya Dakhla, ile ambayo Beadnell aliipima. Mwaka 2021 Abdullah Gohar wa kituo hicho aliongoza makala iliyomtangaza Phiomicetus anubis, nyangumi mwenye miguu minne kutoka Fayum, wa miaka milioni 43 iliyopita, na mwaka 2023 akafuata Tutcetus, nyangumi mdogo wa mita 2 na nusu hivi, aliyepewa jina la Tutankhamun. Makala hizo ziliandikwa na Wamisri wakishirikiana na wageni, na mwandishi wa kwanza ni Mmisri. Visukuku vyenyewe vimewekwa Mansoura.